Oksijeni Ni Dozi: Hesabu ya Kurudi Juu Salama

Juzi hapa kafeteria, nikiwa na sahani yangu ya wali maharage, nilimwambia jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza kwamba mpigambizi anaweza kufa kwa oksijeni. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kaka, oksijeni si ndiyo hiyo hiyo wanayowawekea wagonjwa hospitali? Itamuuaje mtu?"

Nikamjibu kwa swali: Panadol mbili zinatuliza kichwa, je, ukimeza kopo zima? Akanyamaza. Hapo ndipo somo letu linapoanza. Oksijeni ni dozi. Ikipungua unakufa, ikizidi inakudhuru, na anayepiga mbizi ya kina kirefu analazimika kuitumia kwa kiwango kinachokaribia kabisa mstari wa hatari, kwa makusudi, ili arudi juu akiwa mzima.

Naandika haya kwa sababu wenzetu wengi wa sayansi ya bahari wanaingia majini kwa ajili ya utafiti, na wengine wakimaliza chuo wanaajiriwa kuongoza watalii wanaopiga mbizi Unguja, Pemba na Mafia. Wengi wataishia kina kifupi. Wachache watavutwa kwenda chini zaidi, na huko hesabu inabadilika. Niseme mapema: makala haya hayamfundishi mtu kupiga mbizi. Kazi hiyo ni ya mwalimu na ya mafunzo majini. Hapa tunajifunza kufikiri.

Tuanze na mgandamizo

Ukiwa ufukweni, hewa inakugandamiza kwa angahewa 1. Kila ukishuka mita 10 baharini, inaongezeka angahewa 1 nyingine. Mita 10 ni angahewa 2, mita 20 ni 3, mita 60 ni 7. Hakuna cha kukariri hapo.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mwili haujali asilimia. Unachojali ni mgandamizo wa oksijeni yenyewe, na unaupata kwa kuzidisha fungu la oksijeni kwa mgandamizo wote wa mahali ulipo. Ufukweni ni 0.21 × 1, yaani 0.21.

Sasa kumbuka msiba wa Likoni, Mombasa, mwishoni mwa Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye kivuko likiwa na mama na binti yake. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya siku kumi na mbili, kutoka kina cha takriban mita 58. Watu wengi mitandaoni waliuliza kwa nini mtu asivae mtungi akashuka fasta. Fanya hesabu. Mita 58 ni angahewa 6.8. Zidisha kwa 0.21, unapata 1.43. Mgonjwa anayevuta oksijeni tupu kitandani anapata 1.0. Kumbe mpigambizi wa Likoni, kwa hewa ya kawaida tu, angekuwa amemzidi yule mgonjwa, tena akiwa kwenye mkondo na giza, huku naitrojeni ikimlewesha.

Mipaka inayotumika sana kwa wapigambizi wa kina ni miwili. Ukiwa chini unafanya kazi, usizidi angahewa 1.4. Ukiwa umetulia kwenye vituo vya kupandia, usizidi 1.6. Kwa hiyo mita 58 kwa hewa tayari ni nje ya mstari wa kwanza.

Kama ni hatari, tunaibeba ya nini?

Naitrojeni unayovuta ukiwa chini inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili, kama gesi ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Ukipanda ghafla ni sawa na kufungua chupa iliyotikiswa: mapovu. Mapovu hayo kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo ndiyo ugonjwa wa mgandamizo. Mwaka 1908 J. S. Haldane na wenzake Uingereza walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo: unasimama kina fulani, unasubiri gesi itoke taratibu, unapanda tena.

Shida ni kwamba vituo vinaweza kuwa virefu mno. Dawa yake ni kubadilisha gesi unayovuta. Ukivuta mchanganyiko wenye oksijeni nyingi, naitrojeni kwenye mapafu inapungua, na ile iliyo mwilini inatoka haraka zaidi. Ndiyo maana mpigambizi wa kiufundi anashuka na mitungi zaidi ya mmoja. Mgongoni ana gesi ya kina, mara nyingi iliyochanganywa na heliamu ili kupunguza ulevi wa naitrojeni na kupunguza oksijeni pia. Ubavuni ana mtungi wa asilimia 50 wa kuanza kuvuta akifika mita 21, na mwingine wa oksijeni tupu wa kuvuta kuanzia mita 6.

Kwa nini 21 na 6? Mita 21 ni angahewa 3.1, mara 0.5 ni 1.55. Mita 6 ni angahewa 1.6, mara 1 ni 1.6. Namba zimepangwa ziguse mpaka bila kuuvuka. Yaani safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayokupitisha karibu kabisa na hatari.

Inadhuru vipi

Mfaransa Paul Bert aliandika mwaka 1878 kwamba oksijeni yenye mgandamizo mkubwa inawatia wanyama degedege. Mwaka 1899 James Lorrain Smith akaonyesha madhara ya pili: hata mgandamizo mdogo zaidi, ukivutwa kwa muda mrefu, unawasha na kuvimbisha mapafu. Mpaka leo tunahesabu sumu hizo mbili kila moja kwa daftari lake: ya ubongo na ya mapafu.

Ya mapafu inakuja polepole: kifua kuwasha, kikohozi kikavu, pumzi kuwa fupi. Ya ubongo ndiyo inayomuua mpigambizi. Dalili zake ni macho kuona kama kupitia bomba, masikio kuvuma, kichefuchefu, midomo au misuli ya uso kucheza, hasira au wasiwasi usio na sababu, na kizunguzungu. Halafu degedege. Tatizo ni kwamba si lazima dalili zije kwa mpangilio huo, na mara nyingine degedege linakuja bila salamu.

Nchi kavu, degedege lenyewe kwa kawaida linapita. Majini, mtu anapoteza fahamu, regyuleta inatoka mdomoni, pumzi inayofuata ni maji. Anayekufa kwa oksijeni, kwa kweli anakufa kwa kuzama.

Saa ya CNS ni kama boom

Wanafunzi tunaelewa bajeti, kwa hiyo nitatumia boom. Linaingia, linatakiwa likufikishe tarehe fulani. Ukila kwa mama ntilie linakaa. Ukianza kuagiza kuku kila siku linakata kabla ya wakati. Oksijeni nayo ina boom lake. Shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, lilitoa jedwali la dakika zinazoruhusiwa kwa mbizi moja:

Angahewa 1.6: dakika 45
Angahewa 1.5: dakika 120
Angahewa 1.4: dakika 150
Angahewa 1.3: dakika 180
Angahewa 1.1: dakika 240
Angahewa 1.0: dakika 300

Unachukua dakika ulizokaa, unagawanya kwa dakika zinazoruhusiwa, unapata asilimia uliyotumia. Unajumlisha vituo vyote. Jumla hiyo ndiyo ile namba ya CNS kwenye kioo cha kompyuta ya mkononi. Herufi hizo zinasimama badala ya mfumo mkuu wa fahamu.

Tufanye mfano. Ni mfano wa hesabu tu, si ratiba ya kwenda nayo majini. Mtu yuko mita 60 kwa dakika 20, anavuta mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 18. Angahewa 7 mara 0.18 ni 1.26. Tunapandisha hadi 1.3 ili tuwe upande wa usalama. Dakika 20 kwa 180 ni asilimia 11.

Anapanda, anabadili kwenda asilimia 50. Tuseme mita 21 dakika 3, mita 18 dakika 2, mita 15 dakika 2, mita 12 dakika 3, mita 9 dakika 5. Ukipiga kila kituo kwa mstari wake, ukipandisha pale namba isipolingana, jumla ni kama asilimia 12.

Anafika mita 6, anavuta oksijeni tupu dakika 25. Dakika 25 kwa 45 ni asilimia 56.

Jumla ni asilimia 79. Sasa tazama pesa imeenda wapi. Kule mita 60, ambako kila mtu anakuogopa, ametumia 11 tu. Mita 6 kutoka juu, mahali anapoona mwanga wa jua na tumbo la mashua, ametumia zaidi ya nusu ya boom zima. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na huyu alichovya kituo cha mwisho, pale alipodhani kazi imekwisha.

Halafu tazama jedwali tena. Kutoka 1.6 kwenda 1.5, dakika zinaruka kutoka 45 hadi 120. Angekaa mita 5 badala ya 6 kwa dakika zile zile 25, angetumia asilimia 21 badala ya 56. Mita moja tu! Lakini mita moja kwenda upande wa pili nayo ina bei: ukizubaa ukazama hadi mita 8 huku unavuta oksijeni tupu, uko kwenye 1.8, nje ya jedwali kabisa. Ndiyo maana mtu asiyeweza kukaa kina kimoja bila kupanda na kushuka, hata bahari ikiwa na mawimbi, hastahili kupewa mtungi wa oksijeni. Kutulia majini si urembo wa kupigia picha.

Saa si ahadi

Hapa ndipo wengi wanakosea, wakiwemo wenye vyeti. Wanadhani asilimia 79 maana yake ni salama na 101 maana yake ni degedege. Si hivyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, aliwajaribu wapigambizi kwa oksijeni mara nyingi sana. Aligundua kwamba watu wanatofautiana mno. La kushangaza zaidi, mtu mmoja anatofautiana na nafsi yake. Mpigambizi mmoja alijaribiwa mara 20 ndani ya miezi mitatu, majini, kina kile kile cha takriban mita 21. Siku moja dalili zilimtokea baada ya dakika 7. Siku nyingine alifika dakika 148.

Soma tena hizo namba. Mwili ule ule, kina kile kile. Kwa hiyo anayekwambia "mimi oksijeni hainisumbui, nimeshazoea" anakusimulia siku zake za dakika 148. Ya dakika 7 haijamfikia.

Donald pia aliona kwamba mtu anavumilia oksijeni kidogo zaidi akiwa majini kuliko kwenye chumba kikavu, na kidogo zaidi akifanya kazi kuliko akitulia. Sababu moja ni kaboni dayoksaidi. Ukihangaika, au ukibana pumzi ili gesi isiishe, kaboni dayoksaidi inapanda, mishipa ya ubongo inatanuka, na oksijeni nyingi zaidi inaingia mahali usipotaka iingie. Kwa hiyo asilimia ile ile ya CNS haina uzito mmoja kwa aliyetulia kwenye kamba na kwa anayepigana na mkondo. Bajeti ya oksijeni inapangwa ibaki chenji, na siku ya mkondo mkali, baridi au uchovu unaongeza chenji.

Mtungi usio wake

Pamoja na hesabu zote hizo, kosa linalotisha zaidi halihitaji hesabu. Ni kuvuta mtungi sahihi mahali pasipo pake. Oksijeni tupu mita 21 ni angahewa 3.1. Mtungi wa asilimia 50 kule mita 60 ni 3.5. Hapo saa ya CNS haina la kusema.

Mwaka jana kwenye jaribio la darasani niliandika hivi: "Mpigambizi anafika mita 21, anabadili mtungi, anaendelea." Nikadhani nimemaliza. Mwalimu akazungushia sentensi hiyo wino mwekundu, akaandika pembeni: "Umemuua." Nilikasirika, nikamfuata ofisini. Akaniuliza, "Alijuaje kwamba ni mtungi wa mita 21?" Sikuwa na jibu. Alama sikupewa, na nilistahili kukosa.

Jibu nililotakiwa kuandika ni hili.

Kabla ya safari, kila mtu anapima gesi yake mwenyewe kwa kipimo, haamini neno la aliyejaza. Anaandika kwenye mtungi asilimia, tarehe, jina lake, na kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mwenzake kutoka mbali, kina cha mwisho cha kuuvuta: 21, au 6. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtungi bila lebo hauingii majini.

Akifika kwenye kituo, kwanza anasimama. Anaangalia kina kwenye kompyuta yake. Anasoma lebo ya mtungi. Anatoa regyuleta ya mtungi huo na kufuata bomba lake kwa mkono, kutoka kwenye valvu hadi mdomoni, kwa sababu mabomba mawili meusi kwenye maji meusi yanafanana. Anamwonyesha mwenzake. Mwenzake anaangalia kina, lebo na bomba, anakubali kwa ishara. Ndipo anavuta, na ndipo anaibadilisha kompyuta. Mwenzake naye anabadili wa kwanza akishatulia, si wote kwa pamoja.

Inachukua chini ya dakika moja na nusu. Inachosha kuirudia mara mia kwenye bwawa. Lakini uliyoizoea bwawani ndiyo utakayoifanya ukiwa umechoka na baridi inakuuma.

Safari ndefu zinafanyaje?

Desemba 2007 wapigambizi wawili, Jarrod Jablonski na Casey McKinlay, waliingia kwenye pango la maji la Turner Sink, Florida, wakatokea Wakulla Springs, karibu kilomita 11 chini ya ardhi, kwenye kina cha takriban mita 90. Safari ilichukua karibu saa 7, na kupunguza mgandamizo takriban saa 14. Ukiweka saa 14 kando ya dakika 45 utaona kwamba boom la kawaida haliwezi kulisha safari hiyo. Inabidi matumizi yabadilike.

Mbinu ni tatu. Kwanza, oksijeni ya chini kabisa inawekwa ndogo kuliko 1.4, ili bajeti isiliwe kabla ya kupanda. Pili, kuna mapumziko: unaacha oksijeni kwa dakika chache, unavuta gesi yenye oksijeni kidogo, kisha unarudi. Mbinu hii inatumika hata kwenye vyumba vya matibabu. Jedwali la 6 la jeshi la majini la Marekani linaanza kwenye mgandamizo wa mita 18, dakika 20 za oksijeni kisha 5 za hewa. Hapo mgonjwa yuko kwenye angahewa 2.8, lakini ni pakavu, ametulia, na ana mtu pembeni. Tatu, kwenye mapango kama Wakulla wanaweka kiputo kikubwa cha hewa chini ya maji ambamo mtu anatoa kichwa na kifua nje ya maji. Akipata degedege humo, hazami.

Kwa safari hizi ndefu daftari la mapafu nalo linafunguliwa. Dakika moja ya oksijeni ya angahewa 1.0 ni yuniti moja, na chini ya 0.5 hakihesabiwi kitu. Mfano wetu wa juu haufiki yuniti 100, wakati mpango mmoja unaotumika sana unaruhusu 850 kwa siku ya kwanza. Kwa mbizi moja, mapafu si tatizo. Kwa wiki nzima ya kupiga mbizi kila siku, yanakuwa.

Likitokea, na likiwa nchi kavu

Ukihisi midomo inacheza au macho yanafifia, usisubiri dalili ya pili. Acha gesi hiyo, rudi kwenye yenye oksijeni kidogo, panda kidogo kama vituo vyako vinaruhusu, mwambie mwenzako. Mwenzako akipata degedege huku regyuleta iko mdomoni, ishikilie isitoke. Hatua nyingine zinafundishwa kwa vitendo na mkufunzi, si kwa gazeti la chuo.

Na tafadhali, asitokee mtu akasoma makala haya halafu akamnyima oksijeni mpigambizi aliyetoka majini anaumwa viungo au miguu imekufa ganzi. Juu ya maji oksijeni tupu haizidi angahewa 1.0, na jedwali linaipa dakika 300. Hiyo ni huduma ya kwanza. Mpe mara moja, huku mkitafuta daktari.

Jijaribu

1. Mtungi wa asilimia 32, mita 40. Oksijeni ni angahewa ngapi, na inafaa kufanyia kazi?
2. Mwenzako anataka kuanza kuvuta mtungi wa asilimia 50 akiwa mita 30 ili "aokoe muda". Mwambie namba.
3. Dakika 15 kwenye 1.6 na dakika 30 kwenye 1.4. CNS ni asilimia ngapi?

Majibu: (1) 0.32 × 5 = 1.6, haifai, mwisho wake wa kazi ni mita 33. (2) 0.5 × 4 = 2.0, asubiri mita 21. (3) 33 na 20, jumla 53.

Yule jamaa wa kafeteria nilimpa swali la pili. Alilipata kabla ya kumaliza wali wake. Halafu akauliza, "Sasa kama hesabu ni rahisi hivi, wanakufaje?" Nikamwambia arudi kwenye sentensi yangu ile iliyozungushiwa wino mwekundu.